Nilivyomfungulia Mtafiti Jiko la Bur Dubai

Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini uliza mtu yeyote Bur Dubai miaka ile nani alikuwa akisafirisha friji na sofa za watu hadi Mombasa bila mkwaruzo. Kwa hiyo sikushangaa yule dada mtafiti alipoletwa kwangu. Mkenya mwenzetu, amepata ufadhili wa utafiti huru: hatumwi na chuo wala serikali. Mwenyewe alichagua kuchunguza jinsi watu wetu wanavyojiendeshea maisha na biashara ndogo ugenini. Tabu ni kwamba kila aliyemuuliza alinyamaza, na wafadhili wanangoja ripoti ya kwanza. Bila ripoti, ufadhili unakatwa, anarudi kwao mikono mitupu.

"Dada," nikamwambia, "umefika. Mlango ni mimi."

Ijumaa nikampeleka kwenye fleti ya Mama, Mganda aliyekuwa akiwauzia chakula walinzi wa maghorofa ya Marina, upande wa pili wa jiji, siku yao ya mapumziko. Leseni hakuwa nayo. Nami nilikuwa nimemshauri dada avae kiheshima, akaja na suti nyeusi na kitambulisho kikining'inia shingoni, mkaguzi mtupu! Mlango ulipofunguka, sahani zikasukumwa chini ya vitanda. Mlinzi mmoja alibaki na matoke mdomoni, hamezi, hatemi.

"Hapa hatupiki, madam," Mama akasema. Nyuma yake sufuria ya mchuzi wa karanga inatokota.

"Mama, si ni mimi!"

"Sikujui, ssebo," akaniita "bwana" kwa Kiganda, kama mgeni.

Mwanamke anayenilisha kila siku!

Dada akaanza kufunga begi, machozi yanamlenga. Basi nikafanya kazi ninayoiweza kuliko wote.

"Usijali, dada. Jiko hili nililianzisha mimi. Hata huo mchuzi niliwafundisha mimi."

Mama akageuka, mwiko mkononi. "Nani? Wewe usiyejua hata kumenya matoke?"

"Na bei nilipanga mimi."

"Muongo! Madam, keti hapa nikueleze."

Yule mlinzi akameza kwa nguvu. "Madam, huyu hata sahani yake haoshi!"

Wakaanza kumwaga siri. Mama alivyoanza na jiko moja la umeme kwenye korido. Anayecheleweshewa mshahara anavyokula hadi alipwe, na mgonjwa anavyopelekewa chakula Marina kwa basi. Dada anaandika, jasho linamtoka. Kila walipopoa nilidai kingine ni changu.

"Hilo la kuwalisha wasiolipwa, wazo langu pia."

Khalas, nyumba nzima ikalipuka.

Ripoti ilikwenda, ufadhili ukaendelea, na dada akawa anakuja kila Ijumaa, bila suti, anakaa kitandani na sahani yake kama sisi. Nilimwomba anisomee nilipotajwa. Akasema majina hayaandikwi, ila kuna mahali ameandika "mteja mmoja". Huyo ni mimi. Na ule mchuzi, ukweli ni kwamba chumvi nilishauri mimi.