Pijo ya Lugulu Haiendi Skrepu

Wacha niseme mapema ndiyo tusisumbuane: gari ni yangu. Anayetaka kubishana akae asikilize mpaka mwisho, halafu akabishane na ukuta. Mimi nina kazi.

Naitwa Peris. Naishi Lugulu, mbele kidogo ya hospitali ya misheni, kwa boma nililoolewa nikiwa msichana. Marehemu bwanangu, Absalom, alikuwa afisa wa kilimo. Alizunguka na wakulima wa tumbaku kule Malakisi miaka mingi, na huko ndiko alikonunua Pijo 404, ile ndefu, ya kubeba watu mbele na magunia nyuma. Hiyo gari ilibeba watoto wangu, ikabeba maharusi wa watu, ikabeba maiti pia. Ilipokataa kuwaka, Absalom akaipandisha juu ya mawe kando ya ghala la mahindi, akasema ataitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao wa Absalom! Kuku wakaanza kutaga kwa kiti cha dereva na yeye bado anasema mwezi ujao, mpaka kifo kikamkuta hapo.

Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hukaa wakanyolewa nywele, na ukoo hugawa vitu vya marehemu mbele ya kila mtu. Linalosemwa hapo limesemwa. Hakuna kurudi kesho kudai ulikuwa na usingizi. Nikakaa chini na wanawake wenzangu, nikaangalia makoti ya bwanangu yakienda, baiskeli ikaenda, redio ikaenda. Ilipofikia gari, Khisa akasimama. Khisa ni mdogo wake Absalom, mtu wa kuongea akiwa ameshika mshipi wa suruali. Akasema gari itauzwa kwa watu wa skrepu Bungoma, ikatwe vipande, habari iishe.

Nikasimama na mimi. "Hiyo gari naitaka."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, vile watu hucheka mtoto akiomba kushika kisu. Khisa yeye alicheka kwa ubaya.

"Shemeji, gari haipewi mwanamke. Hata wewe mwenyewe bado hatujakaa kuamua nani atakurithi, utakaa chini ya nani."

Jamani! Nilikuwa nimelia wiki nzima, lakini machozi yalikauka hapo hapo.

"Nitakaa chini ya mabati yangu," nikamwambia. "Na gari nataka."

Sasa Khisa ni mtu anapenda kuchekesha watu. Akageukia wenzake, akafungua mikono. "Sawa! Ikitoka kwa hii geti yenyewe, isisukumwe, isivutwe na ng'ombe, chukua. Lakini Krismasi ikipita na bado iko kwa mawe, naita lori." Kicheko kikarudi. Nikamuuliza mzee aliyesimamia shughuli kama amesikia. Akasema amesikia. Wote walikuwa wamesikia.

Na mimi ningetengeneza gari na nini? Najua kupanda vitunguu. Najua kufuga kuku. Lakini nina mkwe.

Binti yangu Roselyne ni nesi kule Kitale. Aliolewa na Kiragu, Mkikuyu wa huko huko, ambaye babu yake alikuja Trans-Nzoia kutafuta shamba na hakurudi kwao tena. Kiragu huchomelea mageti na madirisha, na mkono wake ni mzuri. Shida yake ni moja tu, kwamba ni mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai karibu karibu. Ukimwona anakuja kwa njia unampisha kwa mbali. Ni heshima hiyo. Siku ya kwanza kuja kwetu, Kiragu, maskini, alininyooshea mkono vile watu wa kwao husalimia, na mkono wa pili akaufungua anikumbatie. Wanawake wakapiga nduru, mimi nikatoroka mpaka jikoni. Tangu siku hiyo akawa ananiogopa kama mwalimu mkuu.

Alipoambiwa habari ya geti, hakuuliza maswali mengi. Jumamosi iliyofuata akafika na mashine yake ya kuchomelea, na Roselyne akiwa katikati yetu. Huo ndio utaratibu tuliokaa nao siku zote za kazi. Kiragu yuko chini ya gari, mimi niko kwa mlango wa jikoni, Roselyne anapeleka maneno.

"Roselyne, muulize mama kama hii gari ilikuwa inavuta kulia."

Nimesikia mwenyewe, si niko hapa? Lakini nangoja.

"Mayi, ati gari ilikuwa inavuta kulia?"

"Mwambie kushoto. Hasa ikipanda mlima."

"Anasema kushoto."

"Nimesikia. Mwambie asante."

Tulianza kwa kufukuza kuku. Sakafu ya gari ilikuwa imeoza mpaka unaona nyasi. Kiragu akapasua mapipa ya mafuta, akachomelea kipande kwa kipande, na kila akiwasha mashine taa za majirani zinafifia, wanakuja kwa ua kupiga kelele. Nikawaambia wavumilie, mimi nimevumilia mbuzi zao miaka mingapi? Kabureta ilitoka kwa 404 nyingine iliyokufa Bungoma, radieta akaipata Kitale. Viti vya nyuma nikavikataa kabisa. Mimi ni mtu wa vitunguu. Nikataka huko nyuma sakafu ya mbao za saiprasi, pete za chuma za kufungia magunia, na ngazi ndogo kwa mlango wa dereva kwa sababu magoti yangu si ya juzi.

"Roselyne, muulize mama anataka rangi gani."

Alidhani nitasema nyeusi ama kijivu, rangi za mjane. Nikasema rangi ya papai iliyoiva. Roselyne akashika mdomo. "Mayi, watu watasema." Nikamwambia watu walianza kusema kitambo kabla ya rangi, sasa wacha wapate kitu cha kunyooshea kidole.

Na walisema! Kanisani walisema msiba umeniingia kichwani. Khisa alikuwa akipita na wageni wake anasimama kwa ua kuwaonyesha: "Huyo ndiye shemeji yangu, anashonea maiti suruali." Nilisikia kila neno. Nikazidi kusugua bodi na msasa mpaka vidole vikatoka damu, na kwa kila neno lake nikasugua sehemu nyingine.

Desemba ikafika. Injini ilikuwa inawaka. Siku ya kwanza ilipowaka nililia, nakubali, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya Absalom akirudi nyumbani. Gari ilikuwa imeshashuka kutoka kwa mawe, imesimama kwa magurudumu yake. Kulibaki breki peke yake. Roselyne akapanga kuja na bwana yake Jumamosi ya kabla ya Krismasi wamalize.

Lakini Ijumaa Kiragu akaja peke yake, atangulize kazi. Roselyne alikuwa zamu, wodi imejaa. Kiragu akanisalimia kutoka mbali, akaingia chini ya gari kufunga paipu mpya za breki, na mimi nikaingia shambani. Hapo simu ikalia. Ni Khisa.

"Shemeji, toa kuku zako kwa hiyo gari. Lori ya skrepu imeshatoka Bungoma."

"Krismasi haijafika!"

"Hao watu wanafunga kazi leo. Si ni siku chache tu, bana."

Siku chache tu! Nilitoka shambani mbio na jembe mkononi. Nikasimama mbali na Kiragu, nikaongea nikiangalia mgomba: "Lori inakuja." Akatoka chini na mafuta usoni. Yeye akaongea akiangalia ghala: "Paipu nimefunga, lakini breki zina hewa. Lazima hewa itolewe ndiyo zishike. Na hiyo kazi inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga breki huko ndani, mwingine anafungua nati kwa gurudumu."

Tukaangalia njia. Hakukuwa na mtu. Majirani wote walikuwa wameteremka Kimilili kununua vitu vya sikukuu.

Nataka mnielewe. Mimi sidharau mila. Nimeishika maisha yangu yote, na mama yangu aliishika kabla yangu. Lakini niliona kichwani wale watu wakikata rangi yangu ya papai kwa moto wa gesi, na nikasikia tena lile swali la utakaa chini ya nani. Nikatupa jembe. Nikapanda ngazi yangu, nikakaa kwa kiti cha dereva. Kiragu alishtuka mpaka spana ikamwanguka.

"Lala huko nyuma ya gurudumu," nikamwambia. "Mimi sikuoni, wewe hunioni."

Akalala. Nikasikia sauti ndogo: "Mama, kama haitakuwa shida, na kama mguu hauumi, ningeomba ukanyage kidogo."

Nikakanyaga.

"Asante sana, mama. Sasa ningeomba tena, ukiweza, uendelee kushikilia hapo..."

Mguu ulikuwa umechoka kungoja, nimeshaachilia, na yeye nati hajafunga. Hewa yote ikavutwa ndani upya. Tukarudia. Naomba na ningeomba, hewa ikaingia tena. Mara ya tatu nikapandwa na hasira.

"Kiragu!" Sikuwa nimewahi kumwita jina lake yeye akiwa hapo. "Wacha heshima! Niambie kanyaga kama unaambia punda!"

Nilidhani ametoroka. Kisha sauti ikatoka chini ya gari, sauti ya mwanaume wa kazi: "Kanyaga! Shika! Shika hapo! Achilia! Kanyaga!"

Ehee! Sasa kazi ikawa kazi. Jasho linanitoka, goti linalia, na mkwe wangu ananipigia kelele ambazo hata Absalom hakuwahi kunipigia, na mimi nafurahi. Tukamaliza gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Tukiwa tunahamia la nne, lori ikapiga honi barabarani.

Khisa akaingia kwa geti na vijana wawili wenye minyororo. Akaniona mimi ndani ya gari. Akaona miguu ya Kiragu imetokeza chini. Akashika kichwa.

"Mama Roselyne! Wewe na mkwe wako, kwa gari moja! Hii ni aibu gani? Utalipa kondoo! Utalipa kondoo ukoo wote usafishwe!"

"Nitalipa."

"Na gari tunabeba."

"Ulisema Krismasi, Khisa. Ulisema mbele ya watu."

Mmoja wa wale vijana alikuwa anapitisha kiganja kwa rangi, taratibu. "Lakini mkubwa," akasema, "hii si skrepu. Hii ni gari."

Khisa akarudi mbio mpaka kwa geti, akasimama katikati, akafungua mikono upande huu na huu. "Haitoki!"

Kiragu akaja kando ya mlango, macho chini. "Mama, shuka niitoe mimi. Breki ya gurudumu moja bado ina hewa."

"Ukiitoa wewe, watasema mtu wa Kitale ndiye aliyeitoa. Ondoa hayo mawe kwa magurudumu."

Absalom alinifundisha kuendesha kule Malakisi, mwaka aliovunjika mkono, katikati ya mashamba ya tumbaku. Tangu hapo sikuwa nimeshika usukani. Gia ya hii gari iko hapo kwa usukani, na mkono wangu uliijua kabla ya kichwa. Nikawasha. Nikaachilia klachi, gari ikaruka kidogo, ikatembea. Kutoka ghalani mpaka kwa geti ni mteremko. Ikaanza kushika mbio yenyewe, na Khisa yuko pale, mikono wazi, ananiangalia usoni, ana hakika mwanamke ataogopa.

Niliogopa. Siwezi kudanganya. Nikakanyaga breki mapema na haikushika. Pedali ikashuka tu, ikashuka, nikasikia Kiragu akipiga kelele nyuma yangu, "Kanyaga! Shika! Shika hapo, mama!" na nikashika kwa nguvu zote nilizo nazo, na gari ikalia, ikavuta kushoto, ikasimama. Bampa ilikuwa imegusa suruali ya Khisa kwa goti.

Nikatoa kichwa kwa dirisha.

"Breki ziko, shemeji. Sasa toka kwa njia ya gari yangu."

Khisa akashusha mikono, mmoja, halafu mwingine. Akatoka.

Nikapita geti. Haikusukumwa, haikuvutwa. Vijana wa skrepu wakapiga makofi, na dereva wao akarudisha lori nyuma ili nipate nafasi. Nilipofika barabarani nikasimamisha gari, nikasubiri Kiragu, aliyekuwa anakuja mbio na spana mkononi. Akasimama mbali, kwa heshima, upande ule wa mtaro.

"Kiragu," nikamwambia, "kondoo nimeshahukumiwa. Fungua mlango uketi hapa mbele."

Aliangalia nyuma kwa Khisa, akaniangalia mimi, mara ya kwanza machoni. Akaingia. Yeye akaangalia dirisha lake, mimi nikaangalia barabara, tukateremka polepole Kimilili kutafuta huyo kondoo.