Koti la Studio

Msiniambie nimsamehe Liberatus. Sitaki! Mimi Matilda ni wifi yake Paskalina. Ezekia alikuwa mtoto wa kaka yangu, na hasira hii nitazikwa nayo.

Mwaka sabini na nne lori lililombeba Ezekia kutoka Mbeya lilipinduka karibu na Nyololo. Sanduku likaletwa kwetu Kihesa limepigiliwa misumari, tukaambiwa lisifunguliwe. Paskalina hakubisha. Alisema tu, "Basi watu wamwone kwenye picha. Mwanangu hazikwi kama mzigo."

Ezekia alikuwa amepiga picha moja tu, kwa Liberatus mwenye studio, na aliondoka nayo. Studio ilibaki negativu. Mazishi yalikuwa saa tisa. Asubuhi tukaenda mbio.

"Poleni sana," akasema Liberatus. "Msihofu. Kwangu kila bahasha imeandikwa."

Kweli, zilikuwa zimeandikwa! Akatumwagia mezani boksi zima: Kijana, koti jeusi. Kijana, koti jeusi. Mzee, koti jeusi. Jamani! Koti lenyewe lilikuwa lile moja lililoning'inia ukutani, analomvika kila mteja pamoja na tai yake. Nusu ya Iringa ilishalivaa koti lile.

"Majina je?" nikamuuliza.

"Sura nazijua kwa kichwa, dada."

"Haya, mtoe basi huyo Ezekia!"

Akajikuna kichwa, mshenzi yule.

Tukaanza kuinua negativu moja moja dirishani. Humo koti jeusi linakuwa jeupe, nywele za kijana zinakuwa za mzee, na mama mzazi anamtafuta mwanawe hivyo hivyo. Paskalina alilia, na kilio kile kilikuwa cha hasira. Saa sita ilishapita alipoishika moja akasema, "Huyu hapa." Alimjua kwa mikono. Ezekia alikuwa mrefu, na lile koti lilimwishia katikati ya mkono.

"Nisafishie ndogo," akamwambia, "ile ya kitambulisho."

"Ndogo? Ya msiba? Mama, mimi nasafisha picha za heshima."

Akajifungia kwenye chumba chake cha giza. Tuligonga mlango, tukamwambia saa zinakwenda, nikamtukana matusi ambayo padre hajayasikia mpaka leo. Wapi! Alikuwa anasafisha picha kubwa kama trei, ya kusubiri ikauke, kisha ibandikwe kwenye kadibodi. Tukamwacha, tukaenda kuzika. Alipofika nayo makaburini ilikuwa bado mbichi, udongo umeshajaa, watu wananawa mikono. Hakuna aliyeitazama.

Matanga yalipokwisha, Paskalina aliingia studio na kalamu, akavuta kiti, akaanza kumwuliza kila mteja jina lake, la baba yake na kijiji chake, na kuyaandika kwenye bahasha.

"Mama, studio ni yangu," Liberatus akang'aka.

"Na mtoto ni wangu."

Hakuthubutu kumtoa. Paskalina alikaa pale miaka na miaka, bila kuomba ruhusa. Watu wa Kalenga wakifika na msiba, anainuka, anaitoa bahasha, anamsimamia Liberatus asafishe ndogo, nao wanaondoka nayo mfukoni mapema. Liberatus akiguna, anaonyeshwa bahasha ya kwanza kabisa, ile Paskalina aliyoianza siku alipokaa kitini.

Imeandikwa: Ezekia wa Paskalina, Kihesa. Mrefu. Koti si lake.