Ile ya Kwanza Iko Wapi

Mume wangu alirudi kutoka Nizi mtoto wetu akiwa ameshazikwa.

Alikuwa anachimba dhahabu kule, na wiki ile barabara ilifungwa kwa sababu ya risasi. Tulimpigia simu mtoto alipoanza kuungua na homa, akasema anakuja. Tukampigia tena pale hospitali walipotuambia damu imepungua sana mwilini na wanatafuta ya kumwongezea, akasema yuko njiani lakini pikipiki hazipiti. Mara ya tatu simu yake haikuita. Watu wenye bunduki walikuwa wameichukua kwenye kijia cha porini alichoamua kukifuata kwa miguu. Wazee wa familia walingoja kadiri walivyoweza, kisha wakasema haifai kumweka mtoto zaidi ya hapo. Tukamzika. Kesho yake mume wangu aliingia uani, suruali imejaa tope mpaka mapajani, akakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki vya matanga. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Hakuuliza lolote. Alikaa upande wa wanaume, akala alichopewa, akashikana mikono na kila aliyekuja. Matanga yalipokwisha na viti kurudishwa vilikokodiwa, tukabaki watu wawili ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Nyakasanza. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu barazani. Yeye akaanza kushughulika na televisheni.

Ilikuwa televisheni kubwa, ya jina ambalo hakuna anayelijua, aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja sokoni mwaka ambao dhahabu ilitoka vizuri. Vitufe vyake vya pembeni vilikuwa vimekufa zamani, mvua ilipovuja kutoka kwenye mabati. Kilibaki kimoja tu, cha kuwasha na kuzima. Mambo mengine yote yalifanywa na telekomande, kile kidude cha kubonyezea kutoka mbali, na telekomande haikuonekana.

Mimi nilijua iko wapi.

Tangu alipojua kusimama, mtoto aliifanya kuwa simu yake. Baba yake akiwa Nizi, aliiweka sikioni, akazunguka nayo uani kama mtu mwenye shughuli nyingi. "Alo, papa. Unakuya?" Alinyamaza kidogo akisikiliza, akiitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Kuya na mukate." Halafu ananiletea: "Mama, papa anakuita." Nami niliacha kushona, nikaipokea, nikaongea. Usipoongea alilia.

Alipougua hakutaka kuiachia. Hospitalini muuguzi alijaribu kumtoa ile telekomande mkononi ili apate mshipa. Mtoto akalia kwa sauti ndogo iliyokuwa imebaki, na yule muuguzi, Mungu ambariki, akaenda kutafuta mshipa kwenye mkono wa pili. Siku ya kumzika, yaya yangu, dada yangu mkubwa, ndiye aliyemwosha na kumvalisha. Nilitoa telekomande kwenye begi nililorudi nalo kutoka hospitali, nikamwekea mkononi. Yaya aliniangalia, kisha akavuta kitambaa, akafunika mkono. Hatukusema kitu, siku ile wala baadaye. Mimi sikuwa nimefikiri jambo lolote. Ilikuwa yake.

Sasa mume wangu aliitaka televisheni, na haikuwa kwa ajili ya habari wala mpira. Simu iliyochukuliwa njiani ndiyo iliyokuwa na picha zote za mtoto. Simu yangu mimi ni ile ndogo ya vitufe, haipigi picha. Lakini miezi kadhaa kabla, simu yake ilipojaa, alikuwa amehamishia video chache kwenye flashi, pamoja na nyimbo, akaichomeka nyuma ya televisheni na kuisahau pale. Bado ilikuwepo.

"Video za mutoto ziko mule," aliniambia asubuhi moja. Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya mtoto tangu arudi. "Nahitaji tu telekomande. Ile yetu ulishaiona?"

"Sijaiona humu ndani," nilisema, na hiyo ilikuwa kweli.

Alikwenda sokoni, akarudi na telekomande ya wote, zile zinazosemekana zinafaa kwa kila televisheni. Ilikuwa na karatasi iliyojaa namba: jina la televisheni upande huu, namba zake upande ule. Jina la televisheni yetu halikuwemo. Basi akafuata njia ya pili iliyoelezwa pale chini. Unabonyeza kitufe cha kuanzia mpaka taa nyekundu ibaki imewaka, unailenga televisheni, unaacha kidole kwenye kitufe cha sauti, na telekomande yenyewe inajaribu namba moja baada ya nyingine. Mstari wa sauti ukitokea kwenye kioo, unaachia haraka. Ukichelewa, namba sahihi imepita, unaanza upya.

Alichelewa mara nyingi. Umeme ulikuwa unakuja mchana na kukatika ovyo, na kila ulipokuja aliacha chakula chake na kwenda kukaa kwenye ukingo wa kiti, mkono mbele, kidole kwenye kitufe. Nilimwona kupitia mlangoni nikiwa nashona. Mtu huyu alikuwa amekulia kando ya ziwa huko Mahagi-Port, baba yake mvuvi, na alijua kukaa kimya akingojea kitu kivute uzi. Sikuwahi kumwona akingojea kitu namna ile.

Siku iliyokubali, sauti ya televisheni ilipanda ghafla mpaka majirani wakaisikia. Aliniita. "Mama, kuya uone. Imeshika." Nikaenda. Sauti ilipanda, ikashuka. Chaneli zilibadilika. Kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa Source, kile kinachoiambia televisheni iache dekoda na kufungua flashi. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Akabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, kuanzia juu mpaka chini. Kimoja kilibadili rangi ya picha ikawa kama ya kijani. Kingine kilizima kila kitu. Cha kufungua flashi hakikuwepo.

"Inafanya yote," alisema, "ila ile moja."

Fundi wa redio na simu wa mtaani kwetu aliishika ile telekomande, akaigeuza, akafungua sehemu ya betri. Mume wangu alinisimulia aliporudi, na alikuwa amechangamka kidogo. "Fundi anasema hii iko na akili ya kuiga. Unaziweka zinaangaliana, ya kwanza na hii, unabonyeza kitufe huku, inajifunza huku. Anataka tu nimupelekee ile ya kwanza. Hata kama imevunjika, mradi inatoa mwanga."

Akaanza kuitafuta. Alivuta kitanda kutoka ukutani. Alinyanyua godoro, akamwaga kikapu cha nguo chafu, akapapasa nyuma ya magunia ya mahindi ambayo mama yangu alituletea kutoka Gety. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Nilikuwa naogopa. Niliogopa ataniuliza kwa nini nilimzika mtoto na kitu alichomwitia baba ambaye hakufika.

Halafu akashusha begi la nguo za mtoto kutoka juu ya kabati. Sikuwa nimelifungua tangu siku ya kumzika. Alishika zipu.

"Acha," nilisema. "Haiko mule."

"Basi iko wapi?"

"Iko na mutoto."

Aligeuka. Watoto wa majirani huwa wanaingia kwetu na kutoka siku nzima, na nadhani aliwafikiria hao. "Mutoto gani?"

"Mutoto yetu."

Alibaki na begi mikononi. Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni, magurudumu yakilia. Mkokoteni ukapita, ukaenda. Kisha alikaa kwenye kitanda kilichovutwa katikati ya chumba, begi magotini.

"Ulimuwekea mu mukono gani?"

"Wa kuume. Wa kushoto ulikuwa umevimba, sababu ya sindano."

"Mukono ulikuwa unaishika? Ao iliwekwa tu juu?"

"Tulikunja vidole. Vilikubali."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza shati gani. Nikamwambia la mistari, lile alilomletea mwenyewe. Akauliza kama lilimtosha, nikasema lilikuwa kubwa kidogo, yaya alikunja mikono. Akauliza sanduku lilibebwa na nani. Akauliza kama mvua ilinyesha. Akauliza, mtoto akiwa bado anaongea, kama aliulizia papa.

Nilivua utepe wa kupimia shingoni, nikaukunja mkononi.

"Aliulizia," nilisema. "Nilimwambia uko njiani."

"Nilikuwa njiani," alisema.

"Najua."

Alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu aingie uani na tope lake, uso wake juu ya lile begi. Nilikaa pembeni yake. Sikumshika. Baadaye nilimshika.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama anayeuza samaki wa chumvi kutoka ziwani, ndiye aliyetuokoa kuhusu ile televisheni. Alisikia habari kwa fundi, akaja na telekomande yake imefungwa kwenye nailoni. Televisheni yake ilitoka kwa mfanyabiashara yule yule, jina lile lile lisilojulikana. "Chukueni," alisema. "Siye hatuangalii mchana." Fundi alikuja nyumbani. Aliziweka zote mbili juu ya meza zikigusana vichwa, akabonyeza kitufe kwenye ya jirani, kisha kwenye yetu, mpaka taa ikapepesa kuonyesha imeelewa. Akaifundisha Source. Akaifundisha mishale ya kupanda na kushuka, na kitufe cha kukubali.

"Niongeze nini ingine?"

"Ni hizi tu," mume wangu alisema. Alikuwa na haraka.

Fundi alijaribu, na majina ya vitu vilivyokuwa kwenye flashi yakatokea kwenye kioo. Alitaka kufungua moja, aone kama inacheza. Mume wangu aliishika telekomande. "Tutafungua siye wenyewe." Fundi alielewa, akakusanya vyombo vyake, akaenda, akimrudishia jirani ya kwake akipita.

Nilikuwa nimejiambia nitabaki nje. Lakini nilisimama nyuma ya kiti.

Video zilikuwa fupi. Katika ya kwanza mtoto yuko uani, anamkimbiza bata wa jirani, mgongo kwetu, na sauti ya mume wangu nyuma ya picha inasema, "Geuka basi. Angalia papa." Hageuki. Katika ya pili amekaa kwenye beseni la maji, na mimi napita nyuma nimebeba nguo za kuanika. Nilijitazama nikipita. Sikumwangalia mtoto hata kidogo; nilikuwa naangalia kamba. Ya tatu inaanza kwa giza, kidole kimefunika, kisha mtoto yuko karibu sana, anacheka, meno yake madogo yote yanaonekana, anataka kuishika simu. Halafu picha inapinduka na kukatika.

Mume wangu alitaka kuisimamisha pale pale usoni. Alitafuta kitufe. Alikibonyeza, na picha ikaendelea, kwa sababu hicho fundi hakuifundisha telekomande. Alianza upya, uso ukaja, ukapita. Akaanza tena.

"Nitaenda kwa mama wa samaki kesho," alisema. "Fundi aongeze ile ya kusimamisha."

Hakuenda. Sijui kwa nini, na sikumuuliza. Kwa muda fulani aliiangalia ile ya tatu kila umeme ulipokuja, mimi nikipeleka kazi yangu ya mkono kwa yaya ili nisiisikie sauti ile ya kucheka ikianza upya. Siku nyingine nilibaki, tukaiangalia pamoja. Kisha hakuiangalia tena.

Kabla ya kurudi Nizi aliniomba nimpeleke kaburini. Alikuwa amekataa kwenda na ndugu zake walipomwomba wakati wa matanga. Tulipanda pikipiki moja ya abiria, mimi nyuma ya dereva, yeye nyuma yangu, tukanunua mshumaa njiani. Nilifuata njia niliyoikumbuka, nikapita msalaba mkubwa wa saruji, nikashuka kidogo, na hapo nikasimama.

Kulikuwa na makaburi mawili madogo, sambamba, urefu mmoja. Misalaba yote miwili ilikuwa ya mbao, na mvua ilikuwa imefuta rangi ya maandishi. Nilijaribu kukumbuka. Lakini siku ile wanawake walikuwa wamenishika mabega, wamenigeuza uso nisione sanduku likishuka, na nilichokiona ni kitenge cha yaya na viatu vya watu.

"Ni lipi?" aliuliza.

"Sijui."

Nilidhani atakasirika. Alichuchumaa kati ya makaburi hayo mawili, akaanza kung'oa majani kwenye la kulia, polepole, akitikisa udongo kwenye mizizi. Alipomaliza akahamia la kushoto. Nami nikachuchumaa upande wa pili. Mshumaa tuliuwasha katikati, ukazimwa na upepo, tukauwasha tena.

Yaya alikuja nasi Jumapili iliyofuata, akatuonyesha: ni lile la kushoto. Mume wangu alichora jina kwenye msalaba kwa rangi ya mafuta, ambayo mvua haiifuti. La kulia hatujui ni la nani, wala hatujawahi kukuta mtu pale. Tunapokwenda tunasafisha yote mawili.