Nilivyomtafutia Baba gitaa la nyuzi kumi na mbili kwa bei ya fundi cherehani

Wakuu, habari zenu. Aliye na chai aongeze sukari, aliye kazini ajifanye anasoma email.

Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, mnivumilie. Ni ukweli mtupu. Sina haja ya kuongeza chumvi, yaliyonipata yalikuja na chumvi yake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Migori mjini, nashona sare za shule. Gitaa sijui kupiga hata kidogo.

Mpigaji ni Baba. Yuko nyumbani Rangwe. Ujana wake wote alipiga benga na rafiki yake, Mzee Owiti. Baba alipiga first, gitaa linaloongoza wimbo, Owiti second, la kumwitikia. Harusi, matanga, sherehe za shule, wote wawili kwenye benchi moja. Gitaa la mwisho la Baba lililiwa na mchwa nyuma ya kabati, na hakununua lingine.

Mzee Owiti alifariki mwaka jana. Familia yake ikapanga rapar, ile siku ya kumkumbuka marehemu muda ukishapita. Watu wanaomba, wanakula, wanaimba. Mjane wake, Min Ouma, yaani mama yake Ouma, akamwomba Baba awapigie ule wimbo wao wa zamani. Baba akakubali mbele ya watu. Kwetu Waluo ukimwahidi mjane mbele ya watu, hakuna kusema ulikuwa unatania.

Basi akanipigia simu.

"Akinyi, nitafutie gitaa. Lakini iwe ya nyuzi kumi na mbili."

"Baba, si ya sita ndiyo iko kila mahali?"

"Kumi na mbili."

Akakata simu. Huyo ndiye Baba yangu, wakuu. Maelezo anayahesabu kama vocha.

Kwa wasiojua, gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Hili lina kumi na mbili, zimepangwa mbilimbili, kila uzi na mwenzake pembeni. Ukigusa pamoja sauti inatoka nene, inameremeta. Shida ni kwamba wapigaji wake ni wachache, kwa hivyo madukani halipo, na likiwepo bei yake inakufanya ukae chini.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Nikaamua iwe surprise. Sikumuuliza kitu kingine chochote. Nikaona mimi ni mtu mzima, nina simu, nina akili, gitaa litanishinda nini?

Ndugu yangu aliye Nairobi akanijazia links. "Sister, dunia ni online." Kila kitu kwake ni online, ila kuja nyumbani kumwona Baba.

Nikapata moja, picha safi, pegi kumi na mbili za kukazia nyuzi zinahesabika kabisa, bei yangu. Namshukuru Mungu, niligoma kulipa kabla ya kuona. Parcel ikafika stendi, nikafungua pale pale mbele ya karani.

Nyuzi sita. Pegi sita.

Nikampigia muuzaji. Akaniambia, tena kwa upole, "Madam, hiyo picha ilikuwa ya mfano tu."

Ya mfano! Wakuu, mimi nikikushonea sketi ya shule nikuletee suruali, nikuambie sketi ilikuwa ya mfano, si utanipeleka kwa chifu? Nikamrudishia mzigo wake. Akanitumia ujumbe mrefu wa sauti wa lawama, sikuusikiliza hadi mwisho.

Nikazunguka Migori kwa miguu. Duka la kwanza wana spika. La pili wana spika. La tatu kijana ananiuliza gitaa la kumi na mbili ni la nini, za sita zimenifanya nini.

La nne, ndani kabisa, nyuma ya masufuria, likawa linaning'inia lenyewe. Vumbi kama limechimbuliwa. Halina uzi hata mmoja, lakini pegi ni kumi na mbili, nimezihesabu mara mbili nikizigusa kwa kidole. Bei ilikuwa ya kuongeleka.

Nikauliza nyuzi zake. Mwenye duka akasema set ya kumi na mbili hana, na hapa mjini sitapata. Lakini nisiwe na wasiwasi. Akaweka pakiti mbili za nyuzi za kawaida juu ya kaunta.

"Madam, sita na sita ni ngapi?"

Nikasema kumi na mbili.

"Sasa?"

Wakuu, hesabu haikuwa na kasoro. Nikalipa. Akafunga nyuzi zote, akakaza, akalipiga mara moja, likalia. Nikatoka pale nikitembea kifua mbele.

Sasa sikieni nilichokuja kujua baadaye. Kwenye gitaa hili, wale wenzake wa pembeni wengi ni nyuzi nyembamba sana, zinalia juu zaidi. Ndiyo maana mbao inaweza kuzibeba zote. Ukiweka pakiti mbili za kawaida umefunga nene na nene, na zote zinavuta. Na kinachoniuma, mimi ni fundi! Kila siku nawaambia wanafunzi wangu, ukitumia uzi mnene na kukaza sana, kitambaa kinajikunja. Najua hilo nikiwa usingizini. Lakini mbele ya kaunta nikageuka kuwa mtoto wa darasa la pili anayejibu hesabu.

Nikalining'iniza pale kazini, karibu na meza ya pasi, nikisubiri wikendi.

Mchana mmoja nikiwa namvalisha mteja koti, tukasikia PAA! Mteja akainama chini ya meza. Kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa kilikuwa kimeng'oka, kimebaki kinaning'inia na nyuzi zake zote, kama meno ya bandia.

Nikarudi dukani. Mwenye duka akalitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia tatizo ni pasi yangu. Nikamfokea hadi watu wakasimama mlangoni. Yeye ametulia tu, ananiuzia gundi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Nilinunua gundi, msiniulize. Haikushika.

Rapar ilikuwa Jumamosi. Hapo ndipo nilipomeza surprise yangu nikampigia Baba, nikamweleza yote. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Shingo uliiangalia?"

Shingo ya nini tena? Nilitamani kulia.

Mteja wangu mmoja wa Kegonga akaniokoa. Kwaya ya kanisani kwao imehamia kinanda, na mwalimu wao anauza gitaa lake la nyuzi kumi na mbili la zamani. Safari hii nikasema, hakuna kununua mbuzi kwenye gunia. Baba akaja Migori, akalala kwangu, asubuhi tukaenda naye Kegonga.

Mwalimu wa kwaya, anaitwa Chacha, ni mtu mpole. Akatutolea gitaa, limekwaruzwa, rangi imefifia upande wa mkono. Mimi moyoni nikasema tumekuja huku kote kuona kuni.

Baba hakulipiga. Alilishika kama bunduki, akafunga jicho moja, akachungulia shingo kutoka mwisho hadi mwisho kuona kama imepinda. Akaomba kipande cha karatasi. Akajaribu kukipenyeza chini ya ile mbao iliyonishinda mimi. Hakikupita. Akatabasamu kidogo. Akabonyeza nyuzi hapa na pale kuona ziko juu kiasi gani.

Kisha akamwambia Chacha alitune vizuri, waliweke kwenye kiti, tunywe chai.

"Chai ya nini, mzee?" Chacha akauliza.

"Gitaa ni kama mgeni. Mwache akae kwanza, ndiyo ujue tabia."

Tukanywa chai na viazi vitamu. Tulipomaliza Baba akaligusa, bado limesimama pale pale lilipotuniwa. Akaomba jambo la mwisho, nyuzi zote zishushwe sauti kidogo kuliko kawaida, ili zisivute mbao sana. Chacha akamuuliza ataimbaje chini hivyo.

"Hata sauti yangu imeshuka," Baba akasema. "Tutakutana huko chini."

Hapo ndipo alipopiga. Kidogo tu. Wakuu, ile kuni ililia hadi mke wa Chacha akatoka jikoni na mwiko.

Lakini mimi nikaona kitu. Baada ya dakika chache Baba alisimama ghafla, akasema limetosha, akaficha mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti. Vidole vilikuwa vimekataa kunyooka.

Nikamlipa Chacha, tukabeba gitaa letu. Njiani kurudi nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, Baba, vidole vinauma na hukusema. Uzi mmoja unauma, wewe unataka kubonyeza mbili kwa wakati mmoja. Kwa nini hukuchukua la sita, hata mimi nisingeteseka hivi?

Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya gitaa.

"Owiti ndiye alikuwa ananipigia second," akasema. "Nikipiga sita peke yangu, watu watasikia mahali ametoka. Hii ya kumi na mbili ikilia ni kama tuko wawili."

Nilikasirika zaidi, lakini sijui nilimkasirikia nani.

Jumamosi tukafika upande wa Asumbi, kwa kina Owiti. Hema zimejaa. Padri akamaliza, watu wakala, Baba akaitwa. Akakaa kwenye benchi, upande mmoja wa benchi ameuacha wazi. Akaanza.

Nawaambia watu walinyamaza hadi kuku wakasikika. Ni kweli, walikuwa wawili.

Na hapo, wimbo hata haujashika kasi, Min Ouma akasimama, akainua mkono kumsimamisha.

Kwetu kuna pakruok. Mtu yeyote anaweza kusimamisha muziki, atoe kitu kidogo, ajisifu au amsifu mtu wake, kisha muziki uendelee. Ni desturi nzuri, ina utamu wake. Sasa Min Ouma akajisifu, ukoo wao, ng'ombe wao, marehemu wake. Watu wakapiga vigelegele. Sawa.

Baba akaanza tena. Akafika mahali patamu. Min Ouma huyo, mkono juu!

Akaanza tena. Mkono juu!

Wakuu, nilichemka. Nimerudisha parcel, nimefokeana na mwenye gundi, nimefika Kegonga, tumelipata gitaa kwa jasho, na aliyeuomba wimbo mwenyewe haachi wimbo uende! Sasa alikuwa anasifu mpaka mlango wa jikoni kwao. Wageni wengine wakaanza kunong'ona kwamba mama anapenda kuonekana.

Nikazunguka nyuma ya hema, nikapiga magoti karibu na kiti chake. Nikamwambia kwa heshima yote niliyobaki nayo, "Mama, tafadhali, mwache Mzee amalize."

Hakunigeukia.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "angalia mkono wa baba yako."

Nikaangalia. Wote walikuwa wanamtazama Min Ouma. Baba alikuwa ameweka mkono wa kushoto juu ya paja, anaufungua na kuufunga, polepole, anaukanda kwa ule wa kulia.

"Owiti pia vidole vilikuwa vimekufa, ile miaka ya mwisho," akasema. "Nilikuwa namsimamisha hivi hivi. Watu wakisema mke wa Owiti anapenda sifa. Mimi nilikuwa nanyamaza tu."

Akamtupia Baba jicho, akakaa. Baba akarudisha mkono kwenye shingo ya gitaa, akaendelea.

Nilibaki pale chini kwa magoti. Aibu niliyoisikia siwezi kuipima.

Kisha nikahesabu ubeti kwa ubeti, nikiutazama ule mkono. Vidole vilipoanza kukakamaa, Min Ouma akataka kusimama, nikamshika bega. Nikasimama mimi. Sijawahi kufanya pakruok maishani, mimi ni mtu wa cherehani na kelele za wateja.

Nikainua mkono. Nikasema mimi ni Akinyi nyar Rangwe, binti wa Rangwe. Mimi ndiye niliyefokea duka zima Migori. Mimi ndiye sita na sita, mimi ndiye mama wa gundi. Mimi ni binti wa mtu anayepiga gitaa akiwa wawili!

Watu walicheka hadi hema ikatikisika, na nikaendelea kujisifu kila upuuzi ulionijia kichwani, polepole, sina haraka, hadi nilipoona vidole vya Baba vimefunguka.

Alimaliza wimbo wote, hadi mwisho.

Nilichojifunza, kwa mnaotafuta gitaa kama hili bila pesa nyingi: la zamani lililotunzwa ni afadhali kuliko jipya la picha. Chungulia shingo, pitisha karatasi chini ya mbao, lipe muda wa chai, shusha nyuzi sauti. Na kabla ya yote, mpeleke mwenye vidole. Mimi nilikuwa natafutia pochi yangu gitaa, na pochi haipigi benga.

Tangu siku ile Baba halali bila kuligusa. Sasa uzi mmoja mwembamba umekatika na anataka set mpya kabla ya Jumapili, Min Ouma atakuja kutembea.

Kwa hivyo naomba msaada, wakuu. Nani anajua zinapouzwa nyuzi zake halisi, Migori, Homa Bay au hata Kisii? Pia kama mzee wako hupiga na vidole vinamsumbua, tuambie mnafanyaje.

Atakayenijibu ninunue pakiti mbili za sita, ajue nina pasi ya moto na nina muda.