Karatasi ya Kura Iliyopotelea Ujerumani

Binti yetu alipojiunga na jeshi la Marekani, mimi sikumsindikiza uwanja wa ndege. Mama yake ndiye aliyempeleka. Nilibaki nyuma ya nyumba yetu hapa Blaine, Minnesota, nikisukuma mashine ya kukata nyasi, na nyasi zenyewe nilikuwa nimezikata siku mbili kabla. Nilitaka asomee uuguzi kama mimi. Yeye alitia sahihi karatasi za jeshi kwanza, akatuambia baadaye. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na tangu siku hiyo simu zake zote zikawa za mama yake. Mimi nilipata habari zake mezani: amemaliza mafunzo, ametumwa Ujerumani, huko kunanyesha kila siku, anakusalimia. Hilo la kunisalimia nilijua mke wangu analiongeza mwenyewe.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, mke wangu alinipa kazi.

"Mtoto hajawahi kupiga kura maishani mwake," aliniambia. "Na huko aliko hana muda wa kuhangaika na fomu. Wewe ndiye mtu wa fomu humu ndani. Mjazie."

Ni kweli fomu za nyumba hii ni zangu: kodi, bima, hata zile za uraia wetu. Na hapa Minnesota mzazi anaruhusiwa kumwombea karatasi ya kura mwanawe aliye jeshini ng'ambo. Mke wangu akanipa namba ya leseni ya binti yetu ya kuendesha gari. Anwani ya kambi niliinakili kutoka kwenye risiti ya posta, kwa sababu wiki hiyo mama yake alikuwa amemtumia majani ya chai na sweta. Nilijaza, nikaweka sahihi, nikatuma. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa na matumaini yangu. Nilifikiri karatasi itakapomfikia atauliza ni nani aliyeiomba.

Haikumfikia. Jumapili moja mwezi wa kumi, tumetoka kanisani, mke wangu alikuwa anaongea naye kwenye simu jikoni. Alipokata akanigeukia.

"Wenzake wote wamepata karatasi zao za kura. Yeye bado."

Mimi huweka nakala ya kila kitu. Niliitoa ile fomu kwenye faili, nikailaza mezani kando ya risiti, nikafuata kwa kidole. Kwenye namba ya sanduku la posta nilikuwa nimepishanisha tarakimu mbili. Karatasi ya mtoto wangu ilikuwa imekwenda Ujerumani vizuri kabisa, kwenye sanduku la mtu mwingine. Kazini kwangu, katika makao ya wazee kule Woodbury, ninasoma jina la mgonjwa mara tatu kabla ya kumpa kidonge. Wauguzi wapya wananicheka kwa hilo. Nyumbani nimeshindwa kunakili namba ya sanduku.

Mke wangu alisogeza risiti pembeni. Alinimiminia chai, na hilo likaniuma zaidi kuliko kama angenigombeza. Kura ikichelewa kupita siku ya uchaguzi haihesabiwi, na siku zilikuwa zimebaki chache.

Jumatatu nilibadilishana zamu na mwenzangu nikaenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Nilimkuta karani, mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Nilijieleza haraka haraka kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

"Mimi ni baba yake."

"Basi hakuna tatizo. Ile ya kwanza tunaifuta. Tunaweza kumtumia nyingine leo hii kwa barua pepe, aichapishe huko huko. Ila kuirudisha, lazima airudishe kwa posta. Barua pepe yake unayo?"

Sikuwa nayo. Nilimjua yule mtoto tangu ana dakika moja duniani, na sikuwa na barua pepe yake. Ningeweza kumpigia mke wangu aniulizie. Nilisimama pale kando ya dirisha, nikahesabu saa, kwao ilikuwa jioni, nikampigia yeye mwenyewe.

"Dad?" alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Mama ana nini?"

"Mama yako mzima. Niko ofisi ya kura. Mimi ndiye niliyekosea anwani yako. Nimegeuza namba ya sanduku."

Nikasikia anacheka, kicheko kile cha kupitia puani ambacho alikuwa nacho tangu mdogo.

"Wewe? Wewe unayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi?" Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, Kiswahili chetu anakielewa chote lakini hujibu kwa cha kwao.

"Mimi huyo huyo. Nisamehe, mama."

Nilikuwa nikimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa amepewa jina la mama yangu. Aliacha kucheka.

"Ni sawa, Dad," alisema. "Andika barua pepe yangu. Pole pole."

Alinitajia herufi moja moja, nami nikamrudishia kila moja mpaka karani naye akaanza kutabasamu.

Kesho yake asubuhi alinipigia mimi. Alikuwa maktaba ya kambi, karatasi ziko mbele yake.

"Hawa majaji wote ni kina nani?" aliuliza. "Wengi wanasimama peke yao, hakuna mpinzani. Na hawa wa bodi ya shule?"

Nilimweleza niliyoyajua kuhusu kila mmoja wa wale wa bodi ya shule. Aliponiuliza mimi nitampigia nani nikakataa kumwambia.

"Hiyo ni yako," nilisema. "Usichague kwa macho yangu."

"Hata jeshi sikuchagua kwa macho yako," alisema.

"Najua. Nilikukasirikia kwa sababu niliogopa. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile."

"Mama aliniambia unaogopa."

"Mama yako anasema mengi."

Saa mbili baadaye alinitumia picha: bahasha imefungwa, sahihi iko mahali pake, na juu yake lebo maalumu ya kura ambayo karani wa posta ya kambi aliibandika bila malipo, yenye namba ya kuifuatilia. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuchungulia simu. Bahasha ilikaa siku mbili mahali pamoja, na siku hizo nilikula kama mgonjwa. Kisha ikavuka bahari. Kisha ikaonekana Minneapolis. Kila hatua nilimwandikia, naye akanijibu, na katikati ya habari za bahasha tukajikuta tunaongea mengine: goti lake lililoteguka, chakula cha kambini, mwenzake wa chumbani anayekoroma.

Siku tano kabla ya uchaguzi, nimetoka zamu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, ujumbe wake ukaingia. Ilikuwa picha ya ukurasa wa jimbo wa kufuatilia kura. Kura yako imepokelewa na kukubaliwa. Chini yake alikuwa ameandika neno moja kwa Kiswahili, la kwanza nililowahi kuona ameliandika: "Imefika."

Niliisoma mara tatu. Nikampigia mke wangu, aliyekuwa kazini kule Savage, akapiga kigelegele mpaka nikasikia watu nyuma yake wakiuliza kuna nini. Nikaendesha mpaka nyumbani redio ikiwa imezimwa. Nikapasha ugali wa jana na sukuma wiki, nikala sahani mbili nimesimama jikoni, kisha nikajinyoosha kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, nikalala mpaka mke wangu aliporudi akaniamsha.