Toleo Jipya Kabla ya Koito

Baba mdogo aliniambia niziache hizo kompyuta kama zilivyo. Alikuwa jikoni kwetu na kikombe cha chai mkononi, akasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, hasa wiki ambayo nyumba inatarajia wageni. Jumamosi familia ya mchumba wa dada yangu ingefika kutoka upande wa Ndanai kwa koito, mazungumzo ya posa, na kwetu neno linalosubiriwa siku hiyo ni la baba wa msichana. Baba yetu hakuwa na sauti.

Kiharusi kilimnyang'anya maneno, akili kikamwachia. Anasikia kila kitu, anajua mipaka yote ya shamba, na hasira zake ziko palepale. Huongea kwa tableti: anabonyeza picha, nayo inatamka neno la Kikipsigis, ambalo hapa nitaliandika kwa Kiswahili. Hakuna duka linalouza kitu kama hicho kwa lugha yetu. Nilitafuta programu ya bure, nikaijenga mwenyewe na kuiweka kwa mkono kwenye kompyuta tatu za mtumba zilizo kwenye rafu chumbani kwangu. Zinafanya kazi kama moja; moja ikizimika, nyingine zinabeba mzigo. Maneno yenyewe aliyarekodi baba mdogo, kwa sababu sauti yake na ya baba zilifanana hata mama alikuwa akizichanganya kwenye simu.

Sasa tableti ilikuwa inakata roho. Ilianguka kwenye sakafu ya simiti, upande mmoja wa kioo ukawa mweusi, na maneno ya upande huo yakapotea. Tableti mpya niliyoleta ilikataa kuongea na programu ya zamani; ilitaka toleo jipya kwenye seva, yaani zile kompyuta tatu zinazoipa maneno. Baba mdogo aliona jibu ni rahisi: yeye angesema kwa niaba ya kaka yake, na hakuna ambaye angelalamika. Alisema hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini baba aliivuta ile tableti mbovu, akatafuta kwenye upande uliobaki mzima, akabonyeza.

"Mimi," tableti ikasema. Akabonyeza tena. "Mimi."

Basi kwangu mjadala ukaisha.

Programu uliyoiweka kwa mkono haina mwenyewe ila wewe. Zile za kawaida mfumo unazifahamu na unazisasisha. Hii hakuna anayejua iko wapi wala ni toleo gani isipokuwa aliyeiweka. Ndiyo maana huwa siendi haraka. Kwetu radi huja baada ya chakula cha mchana na kuondoka na stima, yaani umeme, kwa hiyo nilianza kazi asubuhi mapema, mama akiwa bado anakamua.

Kwanza nilitoa nakala ya kila kitu, kisha nikafanya jambo ambalo wengi hulipuuza: nikajaribu kuirudisha ile nakala kwenye kompyuta nyingine ya pembeni. Vitufe vikaja, picha zikaja, sauti hakuna. Kumbe nakala zangu zote zilikuwa zikibeba folda ya picha na kuiacha ya sauti. Kama ningeanza na toleo jipya na mambo yakaharibika, baba angebaki na picha bubu. Nikarekebisha, nikatoa nakala upya, nikairudisha tena mpaka nikasikia "maji" kwa masikio yangu.

Ndipo nikaitoa kompyuta ya kwanza kwenye kundi, peke yake. Mbili zilizobaki ziliendelea na toleo la zamani, kwa hiyo baba hakukosa maneno machache aliyokuwa nayo. Toleo jipya nililiweka kwenye folda yake, yenye namba yake, kando ya lile la zamani. Sikufuta kitu, sikufunika kitu. Kuna kielekezi tu kinachoiambia mashine itumie folda ipi. Ukikigeuza umehama, ukikirudisha umerudi ulikotoka.

Nikakigeuza. Nikabonyeza "maji". Tableti mpya ikasema "ng'ombe". Nikabonyeza "chai", ikasema "mchungaji". Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha majani mgongoni, alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikirudisha kielekezi, nikayasoma maelezo ya toleo neno kwa neno, na humo nikakuta kwamba faili za zamani lazima zibadilishwe muundo kabla programu mpya haijawashwa hata mara moja.

Nilipomaliza kusoma, mawingu yalikuwa yameshaufunika upande wa Kabianga. Nilitamani sana kuendelea, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa inakimbia. Nilizima ile kompyuta moja, nikachomoa waya, nikakaa kusikiliza mvua ya mawe ikipiga mabati. Baba mdogo alipita akiwa ameloa, akauliza kama nimekubali sasa. Nikamwambia bado nafanya.

Kesho yake asubuhi nilianza upya kwa mpangilio uleule, safari hii nikibadilisha faili kwanza, na maji yakawa maji. Hata hapo sikuzigusa zile nyingine mbili. Nilimpa baba tableti mpya, nikaiunganisha na kompyuta ya kwanza tu, nikamwambia aijaribu vile atakavyo. Alibonyeza kila kitu. Alimfukuza mbwa, akaagiza chai ambayo hakuinywa, akamwambia jirani aliyekuja kuazima jembe aende zake. Jirani alikasirika kidogo. Baba hakuonekana kujuta. Siku iliyofuata, baada ya kuridhika, nilibadilisha ya pili, nikaingoja itulie, kisha ya tatu.

Jumamosi sebule ilijaa. Wageni walizungusha maneno kama inavyotakiwa, wakasifu ng'ombe, wakasifu chai, hatimaye msemaji wao akamgeukia baba na kumwuliza anasemaje.

Baba akaanza. "Msichana," tableti ikasema. Kidole kikatafuta. "Wangu." Kikatafuta tena, ukurasa baada ya ukurasa. Wageni walianza kutazama viatu vyao. Nilijua kila kitu kiko sawa, ila kinachukua muda, nami nikajikaza nisisimame kumsaidia. Baba mdogo, aliyeketi karibu naye, hakuweza kuvumilia.

"Kaka yangu anasema amekubali," akasema, na watu wakashusha pumzi.

Baba hakuinua kichwa. Alifungua ukurasa wa chakula, akaenda kwenye kitufe anachokitumia pale mama anapoiondoa sahani mapema, akabonyeza.

"Sijamaliza," tableti ikasema, kwa sauti ya baba mdogo mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Baba akarudi alikokuwa, taratibu, na sebule nzima ikamngoja.

"Msichana. Wangu. Aulizwe. Yeye."

Dada yangu akaitwa kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akaulizwa mbele ya wote. Baba alimtazama mpaka akajibu ndiyo, kisha akabonyeza mwenyewe neno la kukubali.