Nishani ya Kapteni wa Mwezini

Tuzo yangu ya kwanza alipewa mtu mwingine, na mtu huyo nilikuwa nimemtunga mwenyewe. Vijana wanaokuja kunihoji siku hizi huuliza ni heshima gani naithamini kuliko zote, wakitazamia nitaje ile ya kioo niliyopewa uzeeni, ambayo waliichora maneno "kwa mchango wake katika hadithi za watoto" kwa sababu tu kitabuni mlikuwa na roketi. Kitabu chenyewe kina talaka mbili na mauaji. Nikiikumbuka hunipanda hasira upya, basi tuiache.

Ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi wakitutawala, na Kiswahili kilikuwa kimetangazwa kuwa lugha ya taifa. Kampala nzima ilikuna kichwa, lakini sisi wa kambi ya polisi Naguru tulichekelea. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, mama naye wa kaskazini lakini kabila jingine, na bila Kiswahili wasingeweza hata kugombana. Baba alikuwa sajenti. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa taipu katika duka la jumla huko Kikuubo, duka lenye mashine nzuri sana ya taipu na karibu halina bidhaa. Kiswahili cha vitabuni nilikiokota kwenye magazeti ya Kenya na Tanzania yaliyofika dukani yamefungia sabuni. Sabuni ilipoadimika, elimu yangu nayo ikakatika.

Kwa kuwa hapakuwa na barua za kuandika, niliandika hadithi. Nilitunga kambi ya askari wetu huko mwezini, nikaiweka chini ya Kapteni mmoja mrefu, mwenye subira, ambaye ndiye aliyekuwa akisimulia. Huko mwezini migomba ilistawi, lakini mkungu ukikatwa ulielea, ikabidi askari wawili waukimbize kwa kamba. Mpishi alifungwa kwenye sufuria asipotee. Buti la kushoto la Kapteni lilimtoka wakati wa gwaride likaenda zake, naye akaendelea kupiga saluti mguu mmoja ukiwa na soksi. Na kila mtu alipata kipande cha sabuni kila Jumamosi. Hapo ndipo palipokuwa na uongo mkubwa kuliko wote.

Siku moja likabandikwa tangazo kwenye ubao wa kambi: mashindano ya hadithi za Kiswahili kwa vikosi na familia zao, mshindi apewe nishani na cheti. Mashindano yaliandaliwa na ofisi ya burudani, iliyokuwa chini ya Meja mmoja. Nilimwonyesha baba hadithi yangu. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akacheka alipofika kwenye buti, kisha akanikunjia uso.

"Sasa hii karatasi natoka kwa nani?" aliuliza. "Hapana 'Kutoka', hapana 'Kwenda', hapana 'Kuhusu'. Karatasi namna hii, ofisi nafungia karanga."

Baba alikuwa na miaka ishirini kazini na hajawahi kuona karatasi ikipanda juu bila mistari hiyo mitatu kichwani. Sikubishana naye. Kwa kuwa msimulizi alikuwa Kapteni, nikapiga taipu hivi: Kutoka kwa Kapteni, Mkuu wa Kambi ya Mwezini. Kwenda kwa Ofisi ya Burudani. Kuhusu hali ya kambi. Chini nikaandika kwamba barua imepitia kwa baba, sajenti, Naguru. Jina langu niliandika nyuma ya ukurasa wa mwisho kwa penseli, kwa unyenyekevu. Tangu mwaka ule sijawa mnyenyekevu tena.

Namna washindi walivyopatikana nilikuja kuambiwa baadaye na karani wa ofisi ile. Hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja. Kule jeshini na polisi heshima ilifuata cheo. Wangewezaje kumpa konstebo nafasi ya kwanza na inspekta nafasi ya pili, halafu kesho yake inspekta ampigie konstebo saluti? Basi walizipanga hadithi kwa vyeo vya watumaji: Kapteni juu, inspekta akafuata na shairi lake la kumsifu Mkubwa wa nchi, halafu masajenti, makonstebo, na watoto wa shule chini kabisa. Hakuna aliyeuliza Mwezini ni wapi. Kambi mpya zilikuwa zikifunguliwa kila mara, na kuuliza kambi iko wapi kulikuwa sawa na kukiri kwamba hukuambiwa.

Siku ya sherehe tulivaa vizuri, tukaenda uwanja wa kambi. Mimi nilivaa gauni la mama lililopunguzwa kwa pini, na nilikuwa nimejizoeza kutabasamu bila kuonyesha jino langu lililovunjika. Meja alipanda jukwaani na kifua kilichojaa nishani mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka kalamu.

"Nambari moja," alisoma, "Kapteni, Mukubwa wa Kambi ya Mwezini!"

Bendi ikapiga. Hakuna aliyetoka. Mimi nilinyanyuka nusu, baba akanivuta gauni, pini mbili zikafyatuka. Meja aliita tena. Mara ya tatu bendi ikasita katikati ya wimbo.

"Afisa anaitwa kwa paredi, yeye hapana kuja?" Meja alisema. "Hii ni kutoroka! Nani nalileta hii karatasi?"

Karani akageuza ukurasa, akasoma cheo cha baba. Baba akasimama, akapiga saluti. Hapo angeweza kusema kwamba ni hadithi ya binti yake. Lakini fikiria mwenyewe: kumwambia Meja mbele ya kikosi kizima kwamba amempa nafasi ya kwanza mtu asiyekuwapo ni kumwambia kwamba ni mjinga, na Meja wa siku zile hakuambiwa hivyo mara mbili na mtu yule yule. Baba akasema, "Yeye iko safari, afande."

"Wewe iko na siku saba," Meja akajibu. "Lete Kapteni hapa. Kama hapana leta, wewe nakaa ndani kwa nafasi yake."

Kukaa ndani, miaka ile, hakukuwa kukaa. Watu waliokwenda kukaa ndani hawakurudi kuchukua hata mswaki. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Sisi tulikuwa tumepewa siku saba lije.

Nyumbani, ndani ya kibanda chetu cha mabati cha mviringo, mama alinizunguka huku akipiga makofi. "Mimi nalisema wewe soma ualimu! Mwalimu naandika ubaoni, nafuta, nakwisha. Wewe naandika, sasa baba yako nakwenda jela na mutu ya mwezi!"

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Nilikuwa nimemwua baba yangu kwa sababu ya buti linaloelea. Baba peke yake alikuwa mtulivu, akipiga viatu vyake rangi. Siku ya pili alianza kuniuliza mambo ya Kapteni: ameoa? Ni Mwislamu au Mkristo? Nilimwambia sijui, sijafikiria. Akaniangalia kama mtu aliyeajiri askari bila kumpima urefu.

Siku ya tatu mama alileta mpango wake. Karibu na Ntinda kulikuwa na kinyozi mkimbizi kutoka Kongo, mrefu, mwenye kifua, na sauti ya kuamrisha hata alipoomba maji. Mama alimwita, akamweleza kwa minong'ono. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi.

"Mie niko na sura ya kapteni kabisa," alisema. "Lakini kapteni ni kidogo. Munipe kanali."

Tulibishana naye cheo mchana kutwa. Alikubali kushuka mpaka meja, akagoma hapo. Baba aliporudi kutoka kazini akamwona kinyozi akijifunza saluti kwa mkono wa kushoto, akamtoa nje kwa heshima. Alituambia kwamba raia akikamatwa amevaa sare ya afisa hahojiwi, anapigwa risasi pale pale. Mama aliketi kitandani akafunika uso kwa kitenge.

Siku ya tano nilikuwa dukani, nimekaa mbele ya mashine, nikawaza: mtu huyu aliingia duniani kwa karatasi, basi atatoka kwa karatasi. Nilipiga mbio mpaka Naguru kumwambia baba kwamba Kapteni afe.

Baba akaniambia nikome. Kwao mtu hatajiwi kifo akiwa mzima.

"Baba, lakini si mzima! Hayupo!"

"Hata kama. Mutu mzuri vile." Akafikiri. "Wewe peleka yeye uhamisho tu."

Nikamweleza kwamba akihamishwa watamfuata huko. Akaniambia nikalete mashine. Niliazima mashine ya duka, nikaibeba kichwani kutoka Kikuubo, na tukaketi kuandika. Huo ulikuwa uhariri wa kwanza niliopata maishani, na mkali kuliko wote. Mimi nilitaka Kapteni agongwe na kimondo akiwaokoa askari wake, nikawa nimeshaandika nusu ukurasa wa moto na cheche.

"Toa," baba alisema. "Kimondo, wao nauliza: gani hii, nani nalirusha? Weka malaria."

"Mwezini hakuna mbu, baba!"

"Malaria hakuna mutu anauliza."

Nikaweka malaria. Mpaka leo inaniuma. Kutoka kwa Naibu wa Kapteni, Kambi ya Mwezini. Kwenda kwa Meja. Kuhusu kifo cha Kapteni kazini, kwa malaria, baada ya kuugua siku tatu. Baba alipeleka barua mwenyewe asubuhi ya siku ya saba. Mama alimfungia mihogo ya kuchemsha, kwa kuwa hakujua kama angemwona tena, wala hakusema hivyo. Tulikaa mlangoni tukiitazama barabara.

Saa sita baba alirudi akitembea taratibu, kofia mkononi. Nilifikiri amekuja kuaga. Akasema Meja ameisoma barua ile kwa sauti, akavua kofia, akafuta macho. "Yeye nasema: hii ilikuwa afisa ya kweli. Mimi nalimwita mutoro. Mimi nalikosa."

Jumamosi yake Kapteni wangu alifanyiwa kumbukumbu kamili. Bendera ilishushwa nusu mlingoti. Inspekta wa shairi alisoma shairi lile lile, jina la Mkubwa likiwa limetolewa na cheo cha Kapteni kikiwa kimechomekwa, na vina vikakataa. Meja alieleza namna yeye na marehemu walivyofundishwa pamoja zamani, wakalala hema moja, na namna marehemu alivyokoroma. Halafu askari sita wakapiga risasi hewani. Mwezi wa mchana ulikuwa umetokeza mweupe juu ya Kololo, karibu kabisa na zilikoelekea bunduki, na baba akaninong'oneza, "Wasimwue mara mbili." Nilicheka ndani ya leso mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akapokea pole kwa ajili yangu.

Mwishoni baba alikabidhiwa nishani atunze mpaka ndugu wa marehemu wapatikane. Alipewa pia cheti cha ushindi, barua ya rambirambi na cheti cha kifo chenye muhuri wa zambarau na sahihi mbili. Tuliviweka mezani, tukavizunguka tukicheka kwa raha ya watu waliobaki wote.

Alasiri hiyo alikuja mama mmoja wa mstari wa vibanda ulio nyuma ya wetu. Mume wake, konstebo, alikuwa amechukuliwa na gari kazini karibu mwaka mzima uliopita. Tangu hapo alikuwa akienda ofisi hadi ofisi, na kila ofisi ilimwambia kwamba hawana habari. Hakuja kutuuliza lolote. Alikiinua cheti cha kifo cha Kapteni, akapitisha kidole juu ya muhuri, polepole, akarudia.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe naandika vizuri. Andika na barua yangu, mimi pia napata karatasi namna hii."

Nikaandika. Hapakuwa na la kutunga. Alinitajia urefu wa mumewe, kovu la nyuma ya sikio, soksi alizovaa siku ile, saa aliyotoka nyumbani, maneno aliyosema mlangoni kuhusu dirisha linalovuja. Niliweka Kutoka, Kwenda na Kuhusu. Baba alisoma, hakutoa hata neno moja, akaipeleka mwenyewe.

Ilirudi baada ya wiki mbili. Mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu juu ya kichwa cha barua: Hakuna askari kama huyu.

Nilimpelekea. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Pengine tungempa cheo," alisema. "Konstebo ni mutu ndogo. Wewe ungemfanya kapteni."

Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayefikiri chumvi ingezidi kidogo mchuzi ungekuwa mzuri. Hasira niliichukua mimi, na sijaiweka chini mpaka leo.